Dampo Huhamia kwa Asiyeweza Kushtaki

(Mada hii niliitoa kwenye kikao cha vijana wa chama. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimekata salamu za meza kuu, mnazijua, na utani wa mwanzo ambao hata ukumbini haukuchekesha mtu.)

Makamanda, nimepewa swali moja: nani anawajibika kwa mabadiliko ya tabianchi na uharibifu wa mazingira? Aliyenipa alitegemea nianze na Marekani na China. Tutafika huko. Mimi naomba nianze na Tabata.

Mwaka 1988 Joseph Kessy na wakazi wenzake wa Tabata walikuwa mahakamani na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Jiji lilikuwa linamwaga taka zake pale na kuzichoma. Moshi na harufu vinaingia ndani ya nyumba za watu, usiku na mchana. Wakashinda. Halafu Jiji likarudi mahakamani, na hapa ndipo pananifurahisha mimi kama mwanafunzi wa sheria: halikurudi kusema "hatuchafui". Lilirudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea. Jaji Lugakingira akafika mahali akakataa. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba mamlaka iliyowekwa kuhudumia watu haiwezi kuja kuomba ruhusa ya mahakama ili ihatarishe maisha ya watu haohao. Akaisimamisha hoja hiyo juu ya Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Kumbuka, wakati ule hatukuwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Ile imekuja 2004.

Makofi, sawa. Lakini kilichonileta hapa ni kilichofuata baada ya hukumu. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 794 wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Taka zikapelekwa Vingunguti. Baadaye Mtoni. Leo ziko Pugu Kinyamwezi.

Mnaona kilichotokea? Sheria ilifanya kazi. Majaji walifanya kazi. Na kila mara lori liligeuza tu, likaenda kutafuta watu wengine. Hakuna aliyeulizwa kwa nini jiji zima linazalisha taka ambazo halina mpango nazo. Swali lilikuwa moja tu: wapi hawatashtaki?

Nasema lawama za mazingira katika nchi hii zinasafiri kwa lori hilohilo.

Chukueni mfano wa miezi mitano tu. Desemba 2023 dunia nzima iko Dubai kwenye mkutano wa COP28. Rais wetu alikuwepo. Kauli ya Tanzania kwenye mikutano ile mnaijua, na ni ya kweli: hatufikishi hata asilimia moja ya gesi joto inayotolewa duniani, lakini tunaumia. Tarehe 3 Desemba, akiwa hukohuko, sehemu ya Mlima Hanang ikamomonyoka, tope likashuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Rais akakatisha safari, akarudi. Huko nje, basi, sisi ni waathirika.

Aprili 2024, mafuriko. Waziri Mkuu anasimama bungeni Dodoma, anasema watu 155 wamekufa. Anataja El Niño. Halafu anataja ukataji miti, kilimo cha kuchoma moto, na ufugaji holela. Yaani ndani ya nchi, mshtakiwa ni mkulima na mfugaji.

Sasa naomba niwe mkweli, kwa sababu najua mnapenda niseme "serikali imedanganya" tupige makofi tuendelee. Haikudanganya. Zote mbili ni kweli. Wanasayansi waliochunguza mvua za masika yale ya Afrika Mashariki walikadiria kwamba joto la dunia liliziongezea nguvu kwa takriban asilimia 5. Asilimia 5 tu. Kingine kikubwa walichokitaja ni namna miji yetu inavyokua, watu wengi zaidi wakiishi mabondeni. Na mlima uliokatwa miti hauwezi kushika maji, hilo halihitaji profesa.

Ila angalieni nani hatajwi Dubai, na nani hatajwi Dodoma. Dubai hatajwi aliyetoa vibali vya viwanja bondeni. Dodoma hatajwi pia. Dubai anatajwa mzungu, Dodoma anatajwa Mmang'ati na ng'ombe wake. Huyo wa katikati, mwenye muhuri, hana kesi popote.

Twende Mara. Nadhani kuna watu wa Tarime humu ndani... eeh, nimewaona. Machi 2022 nilikuwa kidato cha sita, na kitu cha kwanza nilichokipata kwenye simu kuhusu sheria ya mazingira kilikuwa ni vichekesho vya mkojo wa ng'ombe. Mnakumbuka. Maji ya Mto Mara, upande wa daraja la Kirumi, yalibadilika rangi yakawa meusi, yananuka, samaki wanaelea wamekufa. Wananchi wakazuiwa kuyatumia. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, ikapewa siku chache tu. Ikarudi na jibu: kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza, vimemaliza oksijeni majini. Sumu ya mgodini? Kamati haikuiona.

Nchi nzima ilicheka. Na mimi nilicheka. Baadaye, nikiwa chuo, nikaanza kusoma, na nikaona aibu kidogo. Kwa sababu kisayansi jambo lile linawezekana. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kazi kuhusu mto huohuo wa Mara, upande wa Kenya, wakionyesha kwamba kinyesi cha viboko kikirundikana kwenye madimbwi, kisha mvua ikakisomba, oksijeni inashuka na samaki wanakufa. Viboko! Hakuna mgodi, hakuna kemikali. Kwa hiyo kinyesi kinaweza kuua samaki. Tuliocheka kwa sababu tu jibu lilisikika la kijinga, tulicheka kitu kisicho cha kuchekesha.

Sasa ngoja. Kwa nini basi hakuna aliyeamini?

Kwa sababu watu wa Mara wana kumbukumbu. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kuingia Mto Tigithe, na kampuni yenyewe ilikiri kwamba kulikuwa na uvujaji. Mwaka 2019, miaka kumi baadaye, NEMC iliupiga mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya maji ya sumu kutoka kwenye bwawa la mabaki. Hizo si hadithi za kijiweni, ni hatua ya serikali yenyewe. Halafu angalia kilichofuata. Barrick ikainunua Acacia. Januari 2020 ukasainiwa mkataba, ikawepo kampuni ya Twiga, na serikali ikawa na hisa asilimia 16 kwenye migodi ile.

Nilipigia makofi zile asilimia 16, na bado nazipigia. Ni mali yetu. Lakini darasani kuna kanuni tunafundishwa mapema kabisa, kwamba mtu hawi hakimu kwenye kesi yake mwenyewe. Haisemi kwamba hakimu huyo ni mwongo. Inasema hata akiwa mkweli, hataaminika, na haki isiyoaminika haimtulizi mtu. Machi 2022 serikali yenye hisa mgodini iliunda kamati yake, ikaipa siku chache, ikatuletea jibu ambalo mshtakiwa wake ni ng'ombe. Hata kama jibu lile ni sahihi asilimia mia moja, mama aliyeuziwa samaki pale Kirumi angeliaminije? Sampuli alizichukua nani, zilipimwa maabara gani, zilichukuliwa siku ya ngapi baada ya samaki kufa? Hayo ndiyo maswali ya kisheria. Hayapatikani kwenye kichekesho cha simu, na, samahani, hayakupatikana kwenye matamko yetu sisi wapinzani pia. Tulibaki na mkojo.

Na mwenye ng'ombe je? Yeye aliitwa kwenye kamati? Alipewa nafasi ya kujibu? Maana alihukumiwa.

Hii si mara ya kwanza kwa ng'ombe. Usangu, Mbeya. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, huko hifadhini, na kila mwaka ikawa hivyo. Ikaja 2006: ukame, bwawa la Mtera limeshuka, nchi iko gizani kwa mgao. Nani kakausha? Jibu la haraka likawa wafugaji wa Ihefu. Operesheni ikafanyika 2006 na 2007, watu na mifugo wakaondolewa, wengi wakapelekwa mpaka Lindi na Kilwa. Lakini watafiti, wakiwemo wa Sokoine, walikuwa wameshapima maji ya bonde lile kwa miaka, na walichokiona ni mifereji ya umwagiliaji inayochota maji hata kiangazi, yakiwemo mashamba makubwa ya mpunga. Ng'ombe anakunywa, ndiyo. Ng'ombe hachimbi mfereji.

Rais aliunda tume mwaka 2007, ikiongozwa na Jaji Othman Chande, kuchunguza ile operesheni. Ripoti yake nimeitafuta maktaba mbili, sijaiona. Na wakati wafugaji wanapakiwa kwenye malori kwa kosa la kuleta giza, dawa ya giza ilikuwa inanunuliwa kwa mkataba uitwao Richmond. Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu kwa hilo. Msinitazame hivyo, najua alikuja kuwa mgombea wa nani 2015. Ndiyo maana nasema kumbukumbu ni kitu kizuri, hata kinapotuuma sisi.

Na wale waliopelekwa Lindi wakakutana na wakulima, migogoro ikaanza kule. Lori likageuza tena.

Haya, sasa Marekani na China. Nitapita haraka kwa sababu hapa hatuna ubishi. Ukijumlisha kaboni yote iliyotolewa na mafuta, gesi na makaa ya mawe tangu viwanda vianze, karibu robo ni ya Marekani peke yake. Afrika nzima, na Afrika Kusini yake na Nigeria yake na Libya yake, ni kama asilimia 3. Palepale Dubai mfuko wa hasara na uharibifu ulipozinduliwa, Marekani iliahidi dola milioni 17.5. Asiyekuwa na deni angeweza kuita msaada. Mwenye robo ya deni, sijui tuite nini.

Kuna kitu kipya hapa, na kilianzishwa na watu kama sisi. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, wakisoma Vanuatu, walijiuliza kwa nini suala hili halijawahi kupelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Wakaanza kuandikia serikali za visiwa vyao. Vanuatu ikakubali kulibeba. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio bila kura ya kupinga. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ikatoa maoni yake, majaji wote kwa kauli moja. Wanafunzi 27, jamani. Sisi kikundi chetu cha WhatsApp kina watu zaidi ya hapo na bado tunabishana kuhusu rangi ya fulana.

Mahakama ilisema nini? Kwamba nchi ina wajibu wa kisheria, siyo wa hisani, kuzuia madhara makubwa kwa tabianchi. Kwamba ikivunja wajibu huo inaweza kudaiwa, mpaka fidia. Na kuna sehemu moja naomba muishike: nchi inaweza kuwa na kosa kwa kushindwa kudhibiti kampuni binafsi, kwa kutoa leseni za kuchimba mafuta na gesi, kwa kutoa ruzuku. Ni maoni ya ushauri, hayamfungi mtu kama hukumu ya kawaida. Lakini wakili yeyote anayejua kazi yake ataanza nayo.

Furaha yangu ilidumu mpaka niliposoma mara ya pili. Kwa sababu Mahakama haikusema "nchi tajiri" tu. Wajibu unapimwa kwa uwezo na mchango wa kila nchi, ndiyo, lakini kila nchi inao. Sasa hesabu na mimi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. TotalEnergies ina asilimia 62, Uganda 15, CNOOC ya China 8. Na TPDC, yaani wewe na mimi, 15. Asasi nne zilipeleka shauri Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha mwaka 2020 kulipinga. Novemba 2023 likatupwa ngazi ya kwanza, na si kwa sababu bomba lilionekana salama. Lilitupwa kwa sababu Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu ya kulalamika, na mahakama ikaona walichelewa. Miezi miwili! Mkulima wa Tanga anajua kwamba shamba lake limeguswa siku alama inapopigwa, siyo siku marais wanaposaini.

Sisemi tusichimbe wala tusijenge. Huo mjadala chama hakijaumaliza na mimi si msemaji. Nasema hatuwezi kwenda Dubai kama mwathirika na kwenda Tanga kama mwanahisa, halafu tukawa na mdomo mmoja.

Kuna watakaosema: basi wote tunawajibika, kila mtu apande mti. Hapana. Hapo ndipo swali linapozikwa. Kila mtu akiwajibika sawasawa, mwenye bwawa la sumu na bibi yangu mwenye jiko la mkaa wamekuwa wamoja. Sheria yetu inajua kutofautisha, ikitaka. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019: anayezalisha au kuingiza, faini kuanzia milioni 20 mpaka bilioni moja. Anayeukutwa nao mkononi, kuanzia elfu 30 mpaka laki mbili. Mzigo unapanda kadiri mtu anavyokuwa na uwezo wa kuzuia na faida anayopata. Na ile marufuku ilifanya kazi, tuipe serikali haki yake. Mnakumbuka rambo zilivyojaa kwenye mitaro. (Na mabango yetu ya kampeni yametengenezwa kwa nini? Baada ya uchaguzi yanaishia wapi? Nauliza tu, mwenyekiti.)

Hali ya bibi yangu ni hii. Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Vizuri. Lakini mtungi ukiisha, kuujaza ni pesa ya mara moja, na mkaa unauzwa kwenye kopo. Mpaka hilo litatuliwe, kumwita yeye mharibifu wa mazingira ni kumhamishia dampo.

Sasa kazi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinakuruhusu kwenda kushtaki haki hiyo inapotishiwa. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia yeyote nafasi ya kuomba taarifa kwa maandishi, na mamlaka ina siku 30 za kujibu. Ina mianya ya kukataa, naijua yote. Lakini kukataa nako ni jibu la maandishi, na jibu la maandishi ni kielelezo mahakamani. Nimeandaa barua tatu: moja inaomba ripoti kamili ya Mto Mara ya 2022 pamoja na majibu ya maabara, moja ripoti ya tume ya Usangu ya 2007, na moja haina jina la mradi, utajaza mwenyewe wa kwenu. Ziko kwenye meza ya mlangoni. Wa Tarime naomba tuonane kabla ya chakula, nyie mnahitaji sahihi za watu wanaokunywa yale maji, siyo yangu.

*

Baada ya mada kijana mmoja kutoka Tanga alisimama akauliza: "Dada, tukishika dola, lile bomba tutalifunga?" Ukumbi ukacheka, meza kuu wakatazamana. Nilimjibu kwamba mikataba ya namna ile huwa na vifungu vya fidia, na hakuna chama kinachopaswa kumwahidi kufunga kitu ambacho hakijasoma kulipa kwake ni shilingi ngapi. Nikamwambia pia kwamba ile siku atakayetuuliza hivyo tukiwa ofisini, tusimjibu kwamba ng'ombe ndio tatizo.

Alisema hilo si jibu. Akachukua barua ile ya tatu, akaondoka nazo nne.